Siku Moja Katika Magofu ya Unguja: Mwongozo kwa Msafiri wa Butembo na Beni

Wafanyabiashara wetu wengi wanaijua Dar es Salaam kwa bandari yake tu. Mtu anatoka Mususa au Kimemi, anapita Kasindi, Kampala, anafika kufuatilia kontena, kisha karatasi za forodha zinakwama. Siku mbili, siku tatu. Wengi huzimaliza siku hizo kwenye chumba cha hoteli Kariakoo, simu mkononi. Mwongozo huu ni wa siku kama hizo. Ng'ambo ya maji, mwendo wa saa mbili kwa boti ya kasi, kuna kisiwa cha Unguja, na kaskazini mwa mji wake kuna makasri yaliyobomoka, hamamu (nyumba za kuogea) na bustani za masultani, yote yamesogeleana kiasi kwamba siku moja inatosha.

KWA NINI UFIKE

Watalii wa Ulaya huenda pale kwa picha. Wewe una sababu nyingine.

Makasri haya yalijengwa kwa fedha za karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Karafuu zililimwa kisiwani, tena kwa mikono ya watumwa. Pembe zilitoka bara, na kadiri ndovu walivyopungua karibu na pwani ndivyo misafara ilivyozidi kuingia ndani: Tabora, Ujiji, Nyangwe, Kasongo. Kufikia miaka ya 1880 makundi ya Wamanyema yaliyotumwa na wakubwa wa huko yalikuwa yameingia msitu wa Ituri. Mpelelezi Stanley alipopita msituni kuanzia 1887, na alipoteremka bonde la Semliki na Emin Pasha mwaka 1889, alikuta watu hao na uharibifu waliouacha vijijini. Ituri na Semliki si mbali na Beni. Hata Kiswahili tunachozungumza kilifika kwetu kwa njia hizohizo.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya nguzo za Maruhubi, mojawapo ya makasri hayo, usijione mgeni kabisa. Sehemu ya gharama ililipwa upande wetu.

KABLA YA KUPANDA BOTI

Zanzibar, ambamo Unguja imo, ni sehemu ya Tanzania, lakini ina serikali yake, na bandarini utapita kwenye meza ya uhamiaji. Wengi hushangazwa na jambo hilo wakiwa tayari wamekata tiketi. Fuata mpangilio huu:

1. Hakikisha pasipoti na ruhusa yako ya kukaa Tanzania bado zinafaa. Picha ya pasipoti ndani ya simu haitoshi. Beba pasipoti yenyewe.

2. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na wewe utaulizwa hata kama mwenzako wa taifa jingine amepita bila kuulizwa.

3. Ulizia bima ya safari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na masharti kwa raia wa jumuiya yanaweza kuwa tofauti na ya watalii wengine. Pata jibu kabla ya kulipa nauli.

4. Kata tiketi ndani ya ofisi ya kampuni ya boti, pale karibu na bandari. Usimpe pesa mtu anayekufuata njiani akisema yeye ni wa boti. Nauli ya mgeni ni kubwa kuliko ya mkazi. Hilo limeandikwa, usiligombanie.

5. Badilisha dola kuwa shilingi. Kwetu dola inanunua kila kitu, lakini kwenye daladala na kwa mama muuza chakula utahitaji shilingi, na tangu 2025 sheria ya Tanzania inakataza bidhaa na huduma za ndani kuuzwa kwa fedha za kigeni. Noti iliyochanika kidogo itakataliwa kule kama inavyokataliwa Butembo. Hapo hatutofautiani.

6. Panga kulala kisiwani usiku mmoja. Inawezekana kwenda na boti ya alfajiri na kurudi na ya mwisho, lakini utayaona magofu kwa kukimbia. Vuka jioni, lala, amka mapema.

ANGALIZO LA SAA

Butembo na Beni ziko nyuma kwa saa moja. Ukivuka Kasindi na kuingia Mpondwe, saa moja ya kwetu tayari ni saa mbili. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe, saa ya mkononi haijirekebishi. Boti haimngoji mtu. Tena kila unapotajiwa muda, uliza kama ni saa ya Kiswahili au saa ya tiketi: kwenye tiketi 07:00 ni saa moja asubuhi.

ORODHA YA KUBEBA

☐ Pasipoti, kadi ya njano, karatasi ya bima
☐ Shilingi za noti ndogo ndogo
☐ Maji, angalau lita moja na nusu kwa mtu
☐ Kofia au kitambaa cha kichwa
☐ Viatu vilivyofungwa (kwenye magofu kuna mawe makali na vipande vya chupa)
☐ Mama na dada: kitenge cha ziada cha kufunika mabega na miguu
☐ Tochi ndogo au simu yenye chaji, kwa ndani ya hamamu
☐ Dawa ya mbu

Kuhusu maji sitanii. Sisi tumezoea baridi ya milimani, Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kisiwani joto lina unyevu unaonata mwilini, na mtu wa Lubero huanza kuumwa kichwa saa nne asubuhi kabla hajajua kinachomsumbua.

NJIA YA SIKU

Maeneo karibu yote yako upande wa barabara ya Bububu, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Una njia mbili. Ya kwanza ni daladala kutoka mjini, inayoandikwa Bububu, namba 502. Ni rahisi sana, ila itakuacha barabarani na utatembea. Ya pili ni kukodi taksi kwa nusu siku, na kama mko watatu au wanne mnagawana. Patana bei kabla ya kuingia garini, taja kila kituo kwa jina, na ulipe mwisho. Mimi nashauri taksi kwa sehemu ya mashamba na daladala kwa ya pwani.

Anzia mbali, rudi ukikaribia mji. Asubuhi bado kuna ubaridi kidogo kwenye vilima vya Kidichi.

1. Kidichi, saa mbili asubuhi. Kutoka Bububu unakata kulia kuelekea ndani, kama kilomita tatu, katikati ya minazi na mikarafuu. Hapa Seyyid Said, sultani aliyehamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu karibu mwaka 1850. Mke huyo, anayetajwa kwa jina la Shahrazadi, alikuwa mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Kwa nje utaona vikuba vyeupe tu na utajiuliza umefuata nini. Ingia. Kuta za ndani zimepambwa kwa chokaa iliyofinyangwa: maua, mitende, ndege. Nakshi ya ndege ni ya Kiajemi. Waibadhi wa Omani, waliokuwa watawala, hawakuwa na desturi ya kuchora viumbe wenye uhai. Kwa hiyo ukutani unaona mke mgeni alivyoachwa afuate mambo ya kwao, angalau bafuni. Ndoa haikudumu, na hawakupata mtoto.

Usiguse nakshi. Chokaa yenye miaka mia na sabini huanguka kwa jasho la vidole.

2. Kizimbani, kama muda upo. Ni mbele kidogo ya Kidichi. Kuna hamamu nyingine isiyo na mapambo, na hapa ndipo Saleh bin Haramil alipopanda miche ya kwanza ya mikarafuu kisiwani kabla Seyyid Said hajamnyang'anya mashamba yake. Vijana watakutembeza kwenye viungo: hiliki, mdalasini, pilipili manga, vanila. Msomaji wa Beni aliyekulia kando ya vanila na kakao hatapata mapya mengi hapo. Pita haraka.

3. Mtoni, saa nne. Ni kasri la zamani kuliko yote kisiwani, lilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya Seyyid Said. Mto mdogo unapita kando yake na kuingia baharini. Hapa alizaliwa mwaka 1844 Binti Salme, ambaye mwaka 1866 alitoroka kisiwa akiwa mjamzito, akabatizwa Emily, akaolewa na Mjerumani wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Katika kitabu hicho anaueleza ua wa Mtoni wenye tausi, swala na mbuni waliokuwa wakirandaranda, na safu ya hamamu upande mmoja. Hakuna kumbukumbu ya kale iliyoandikwa na mwanamke wa Kiarabu inayotuonyesha ndani ya kasri hivi. Lakini soma kwa macho mawili: Salme aliwaandikia Wazungu na aliutetea utumwa wa nyumbani kwao. Kasri liliungua mwaka 1914, kisha eneo likatumika kama ghala.

Magofu ya Mtoni yamepitia miradi ya ukarabati, hivyo kwanza uliza langoni kama yamefunguliwa siku hiyo. Ukikuta yamefungwa, usiruke ukuta.

4. Maruhubi, saa tano. Sultani Barghash, mtoto wa Seyyid Said, alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake. Alikuwa ameitembelea Uingereza mwaka 1875, na alipenda bustani kubwa zenye kuta. Miembe mikubwa iliyobaki ni ya bustani hiyo. Mwaka 1899 moto uliteketeza kasri, baadaye marumaru zikachukuliwa. Zimebaki nguzo nene zilizosimama bila kubeba kitu, hamamu, mabirika ya maji na sehemu ya mfereji wa juu uliokuwa ukiyaleta.

Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine. Keti chini ya mwembe, kunywa maji, kisha fanya zoezi linalofuata.

NAMNA YA KULISOMA GOFU

Mtu asiyejua kuangalia huona mawe, hupiga picha, huondoka baada ya dakika kumi. Jiulize maswali haya manne kila unapofika.

Limejengwa kwa vitu gani? Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaliyounganishwa na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale. Ni jiwe jepesi, lenye vitundu, linanyonya maji. Paa lisipofunikwa, mvua ya masika inaliyeyusha pole pole. Ndiyo sababu jengo lililoachwa miaka mia moja hapa limechoka kuliko nyumba ya matofali ya kuchoma kwetu.

Kwa nini vyumba ni vyembamba? Pima kwa hatua. Upana wa chumba ni mita tatu hivi, urefu unaweza kuwa mara nne ya hapo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko hauvuki zaidi ya hapo bila kupinda. Tajiri hata awe sultani, mti ulimpangia upana wa chumba chake. Akitaka ukubwa, aliongeza vyumba na maroshani.

Kilichotoweka ni nini? Nguzo za Maruhubi zilibeba roshani kubwa ya mbao. Kwa hiyo unachokiona ni mifupa. Nyama ilikuwa mbao, na ndiyo iliyoungua. Jaribu kurudisha ghorofa ya juu kwa macho kabla ya kusikiliza maelezo ya mtu.

Maji yalitoka wapi? Fuata mfereji. Bustani, mabirika na hamamu vyote vilitegemea maji ya chemchemi yaliyoletwa kwa mteremko, bila mashine. Na mtu wa kuchimba, kubeba, kupasha maji moto na kufagia alikuwepo kila siku, ingawa jina lake haliko kwenye bango lolote.

KISANDUKU: KUMPIMA MWONGOZA WATALII

Mwongoza watalii halali ana kitambulisho. Wasio nacho, wanaowakimbilia wageni bandarini na sokoni Darajani, wenyeji huwaita papasi. Wengine ni wapole, lakini bei zao hubadilika njiani. Kabla ya kumkubali yeyote, fanya hivi:

– Patana bei na muda, kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya mtu wa tatu.
– Muulize jambo moja unalolijua. Akisema kasri la Maruhubi lilibomolewa kwa mizinga, mshukuru na umwache.
– Akikupa idadi kamili ya masuria, muulize imetoka wapi. Hadithi ya tisini na tisa ni tamu, lakini ni hadithi.

MCHANA: MJINI

Rudi mjini saa saba. Kula pilau au urojo, pumzika. Alasiri ina vituo viwili tu.

Cha kwanza ni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni. Utaonyeshwa pia vyumba vya chini vinavyoitwa mahabusu ya watumwa. Jengo la juu yake lilijengwa na wamisionari soko likiwa limekwisha kufungwa, kwa hiyo sikiliza maelezo yale kwa uangalifu. Ukweli wa soko hauhitaji kuongezwa chumvi.

Cha pili ni mlango wa nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mtaa wa Shangani. Mkongo yeyote anapaswa kuuona. Mtu huyu aliyetawala Manyema kwa bunduki na biashara alikubali mwaka 1887 kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alifariki hapa mjini mwaka 1905, akiwa amesimulia maisha yake kwa Kiswahili katika kitabu. Familia zimekuwa zikiishi ndani ya nyumba ile. Tazama mlango uliochongwa, salimia wenye nyumba, endelea na safari. Usiingie uani kwa watu.

Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Barghash la mwaka 1883, litazame tu kwa nje ukipita bustani ya Forodhani. Upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kwenda Ijumaa bila hesabu. Mchana wa sala mambo mengi husimama, panga asubuhi.

Kula na kunywa hadharani mwezi wa Ramadhani. Ule ndani ya hoteli. Hata chupa ya maji inywe pembeni.

Kwenda masika, kuanzia Machi hadi Mei. Njia ya Kidichi hugeuka matope na hamamu huwa giza. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni salama zaidi.

Kupiga picha kila jengo la barabara ya Bububu. Kibweni kuna makao ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na ikulu ndogo. Ukiona askari, shusha simu.

Kuokota vigae na vipande vya nakshi kuwa ukumbusho. Ni kosa la sheria, na mizigo hukaguliwa.

Kuanza mazungumzo moja kwa moja. Kwetu tunasema “jambo” na kuingia kwenye hoja. Unguja salamu ina ngazi: kwa mtu mzima anza na shikamoo, ngoja marahaba, uliza hali, ndipo uulize njia. Ukiruka hatua hiyo utajibiwa kwa ufupi na kuelekezwa vibaya.

KAMA HUNA SIKU MBILI

Nenda Bagamoyo. Ni kilomita 70 na ushei kutoka Dar kwa barabara nzuri, bila bahari, bila uhamiaji. Ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara kutoka bara. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa kale na makaburi ya mnara, ni ya karne nyingi kabla ya Waomani. Wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakapanda njia ya miembe ambayo bado ina kivuli. Mwili wa mmisionari Livingstone ulipitishwa hapo Februari 1874 kuelekea Unguja. Asubuhi unaondoka, jioni umerudi Kariakoo.

Na kama uko Unguja lakini una nusu siku tu, sikushauri ugawanye dakika kwa vituo vyote. Chagua Kidichi na Maruhubi. Kidichi kwa kazi ya mikono iliyobaki mahali pake, Maruhubi kwa sababu pale peke yake utaliona kasri, bustani na maji kwa pamoja. Mengine yangoje kontena lijalo.